Jeshi Lililoteketeza Meli Zake

Julai 1981, katika siku za sikukuu ya uhuru wa Marekani, wapenzi wa michezo ya vita walikusanyika San Mateo, California, kumtafuta bingwa wa taifa wa mchezo uitwao Traveller. Kila mshindani alikuwa na krediti trilioni moja, fedha za kubuni, na kwa fedha hizo alitakiwa kuunda kundi la manowari za angani. Kanuni zilijaa vitabu kadhaa. Ukiongeza unene wa deraya, mwendo unapungua; ukiongeza injini, nafasi ya silaha inakwisha; ukitaka vyote, fedha hazitoshi. Wazoefu walikuwa wameisoma mizani hiyo kwa muda mrefu, na wengi wao walikuja na vyombo vichache, vikubwa, vyepesi kugeuka.

Douglas Lenat alikuja na vyombo 96. Vingi vilikuwa vidogo na vizito, deraya nene, silaha ndogondogo tele, mwendo wa kobe. Kwa jicho la mzoefu hilo lilikuwa kundi la mtu asiyeujua mchezo, na kwa upande mmoja ilikuwa kweli: Lenat, mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Stanford, hakuwa amewahi kucheza Traveller. Lakini mapambano yalipoanza, idadi ilifanya kazi yake. Adui aliharibu chombo kimoja, viwili, kumi, na bado vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko vyake, vyote vikifyatua kwa pamoja. Mshindani mmoja baada ya mwingine akasalimu amri, na Lenat akaondoka na ubingwa.

Kundi lile hakulibuni peke yake. Alikuwa ameandika programu iitwayo Eurisko, akaifundisha kanuni za mchezo, kisha akaiacha ikeshe katika kompyuta za kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto. Eurisko iliunda makundi ya manowari, ikayapambanisha, ikatazama lipi limeshinda na kwa sababu gani, ikabadilisha hiki na kile, ikapambanisha tena. Yalipigwa mapambano kama 10,000. Kila asubuhi Lenat alipitia matokeo ya usiku kama mkulima anayekagua kitalu: akang'oa magugu, akaacha machipukizi yenye dalili njema, na jioni akaiwasha tena. Baadaye aligawa sifa ya ushindi hivi: asilimia 60 zake, 40 za programu, akisisitiza kwamba hakuna kati yao ambaye angeshinda peke yake.

Mwaka 1982 waandaaji walibadilisha kanuni, na wakazitangaza zikiwa zimebaki siku chache tu. Safari hii wepesi wa kundi zima ulipewa uzito mkubwa, ili kobe wa Lenat wasifue dafu. Eurisko ikarudi kazini, na jibu ililoleta ndilo linalokumbukwa hadi leo. Chombo kilichojeruhiwa hupunguza mwendo, na chombo kimoja kinachosota hushusha wepesi wa kundi lote. Basi, ikaona programu, chombo cha namna hiyo kiteketezwe na upande wake wenyewe. Kila kilichojeruhiwa kilipoondolewa, kundi lilibaki jepesi. Lenat akashinda kwa mara ya pili. Waandaaji wakamweleza kwamba akija na kushinda mara ya tatu watayafuta mashindano. Akakubali kukaa pembeni.

Kanuni za Traveller hazikuwakataza makamanda kuteketeza vyombo vyao. Hakuna aliyefikiria kukataza, kwa sababu hakuna kamanda wa damu na nyama aliyefikiria kufanya hivyo. Mashine haikuvunja sheria hata moja. Ilisoma kilichoandikwa, na kwa vile mabaharia walioko ndani ya chombo kilichojeruhiwa hawakuandikwa popote, haikuwahesabu.

Historia yote ya kuzalisha mbinu za kivita ndani ya kompyuta inazunguka jambo hilo moja. Mashine hupigana na kanuni ilizopewa. Vita, kama binadamu wanavyovijua, haivioni kamwe.

Tamaa ya kuvitia vita mezani ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1812 ofisa mmoja wa Prussia, Baron von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake meza yenye ardhi ya kuigiza na vipande vya kaure vilivyowakilisha vikosi. Mwanawe aliuboresha mchezo huo, akautolea kitabu mwaka 1824, na mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, alipouona ukichezwa aliuona kuwa ni mafunzo halisi ya vita, akaagiza usambazwe jeshini. Kete zilisimama badala ya bahati. Mwamuzi alisimama badala ya ukungu wa medani, akiwaambia wachezaji kile tu ambacho kamanda angeweza kukijua.

Miaka tisini baadaye mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, mtengenezaji wa magari, alijaribu kuviweka vita katika milinganyo. Makala zake zilitoka katika jarida la uhandisi mwaka 1914 na kukusanywa katika kitabu mwaka 1916. Hoja yake maarufu ni kwamba, pale ambapo kila bunduki inaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya jeshi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Jeshi lililo mara mbili ya jingine lina nguvu mara nne. Lililo mara nane, mara sitini na nne.

Novemba mwaka huohuo wa 1914, Waingereza walishusha Tanga kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India. Upande wa pili kamanda Mjerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Kwa hesabu ya Lanchester, shughuli ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Yaliyotokea wakazi wa Tanga wameyasimulia kizazi hadi kizazi: wageni waliochoshwa na bahari, vichaka na mashamba yasiyoonyesha adui alipo, askari walioijua ardhi, na nyuki waliotibuliwa na risasi wakawavamia watu bila kuuliza bendera. Waingereza waliondoka wakiacha bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000. Mlinganyo haukuwa na kosa la hesabu. Haukuwa na mahali pa kuwaweka nyuki.

Kwa nusu karne iliyofuata, wataalamu wa majeshi waliendelea kurekebisha milinganyo ya namna hiyo. Wazo la kuacha mbinu zijizalishe lilitoka kwingine kabisa, kwa watu waliokuwa wakifikiria juu ya uhai.

Mwanzoni mwa 1953 Nils Barricelli, mtaalamu wa hisabati mwenye asili ya Italia na Norway, alifika Princeton na kuomba nafasi katika kompyuta iliyojengwa na John von Neumann. Alijaza namba katika kumbukumbu ya mashine hiyo, akazipa sheria za kuzaana na kugombea nafasi, akatazama zipi zitadumu. Ili apate namba za kubahatisha za kuanzia, alichanganya karata kwa mkono. Miaka michache baadaye aliwafanya viumbe wake wa namba wacheze mchezo mdogo wa mkakati mmoja dhidi ya mwingine, na vizazi vilivyofuata vikacheza vizuri zaidi kuliko vya mwanzo.

Lawrence Fogel, mhandisi wa San Diego, aliendeleza njia yake mwenyewe tangu 1960, na mwaka 1966 yeye na wenzake wawili wakaiandikia kitabu. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan akachapisha chake mwaka 1975, kitabu kilichoipa kazi hii nadharia yake na kuzipa algoriti za kijenetiki sura tunayoijua.

Msingi wake anauelewa kila mkulima anayechagua mbegu. Baada ya mavuno hachukui hindi lolote. Anatafuta yale yaliyojaa vizuri na kustahimili ukame, anayatenga, na msimu unaofuata anayapanda hayo. Kompyuta hufanya vivyo hivyo na mipango ya vita. Huanza na mipango mia, mingi haina maana. Kila mpango hupelekwa vitani katika medani ya kuigiza na kupewa alama. Yenye alama ndogo hutupwa. Yenye alama kubwa hupandanishwa, nusu ya huu ikiungwa na nusu ya ule, na hapa na pale herufi moja hubadilishwa kwa bahati tu. Kizazi kipya hurudi vitani. Mkulima hupata misimu miwili kwa mwaka akijaliwa mvua. Kompyuta hupata mamia ya misimu kwa usiku mmoja. Eurisko ya Lenat haikuwa algoriti ya kijenetiki kwa maana kali ya neno, kwani ilikuwa na kanuni za busara zilizozalisha kanuni nyingine, lakini moyo wake ulikuwa uleule: badilisha, jaribu, bakiza kinachoshinda.

Yote hutegemea alama, na alama huwekwa na mtu. Lenat mwenyewe aliliona hilo ndani ya Eurisko. Programu hiyo ilizipa thamani kanuni zilizosaidia kugundua mambo mazuri. Siku moja akakuta kanuni iliyokuwa na thamani kubwa ajabu, na alipoichunguza aligundua kwamba haijawahi kugundua chochote. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta ugunduzi mzuri wa wengine na kuandika jina lake kwenye orodha ya wagunduzi.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilizichukua mbinu hizi kwa uzito mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika maabara yake ya utafiti mjini Washington, John Grefenstette na wenzake walitengeneza mfumo walioupa jina SAMUEL, kwa heshima ya Arthur Samuel wa IBM, mtu aliyeifundisha kompyuta kucheza drafti. Tatizo walilolichagua lilikuwa dogo na la kutisha: kombora linaifuata ndege. Kombora lina kasi kuliko ndege, lakini haligeuki vizuri kama ndege, na kila linapokata kona linapoteza mwendo. Likipoteza mwendo wa kutosha, linaanguka. Rubani afanye nini?

Rubani wa SAMUEL alikuwa na taarifa sita tu, zikiwemo umbali wa kombora, upande linakotokea na kasi yake, na aliweza kufanya jambo moja: kuamua akate kona kwa ukali gani. Mpango wake ulikuwa orodha ya sentensi za namna hii: ikiwa kombora liko karibu na linatokea kushoto, kata kona kali kulia. Ndege ikipona, mpango ulipata alama 1,000. Ikipigwa, ulipata alama kidogo kulingana na muda iliodumu hewani. Mwanzoni marubani wengi walikufa. Kizazi baada ya kizazi, mipango ikaanza kujua wakati gani wa kusubiri na wakati gani wa kugeuka ghafla, ili kombora lijichoshe lenyewe.

Kazi ya thamani zaidi ya kikundi hicho, kwa maoni ya anayeandika haya, ni ile ambayo haikuvuma. Mwaka 1990 Grefenstette na wenzake Connie Ramsey na Alan Schultz waliuliza: itakuwaje ikiwa medani ya mafunzo haifanani na medani ya kweli? Wakawafundisha marubani wao katika simulesheni safi, ambamo kila chombo cha kupimia kinasema kweli, halafu wakawapeleka katika ulimwengu ambamo vipimo vinayumba. Wakayumba nao. Kisha wakafanya kinyume: wakafundisha ndani ya kelele na mashaka, wakapeleka kwenye utulivu. Hawa walifaulu. Funzo lilikuwa wazi kwa kila mjenzi wa simulesheni. Ukikosea, kosea upande wa kuifanya dunia yako ya kuigiza iwe na fujo zaidi kuliko ile ya kweli. Anayelelewa katika maji matulivu hajui dhoruba.

Wakati huohuo, jangwani California, ndege moja ilikuwa ikiwalazimisha marubani kusahau walichofundishwa. X-31, mradi wa pamoja wa Marekani na Ujerumani, iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 1990. Nyuma, kwenye mdomo wa injini, ilikuwa na vibao vitatu vya kuukunja mwali wa moto na kuusukuma upande wowote. Ndege ya kawaida ikiinua pua kupita kiasi, mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba na rubani hupoteza udhibiti. X-31 iliweza kuingia katika hali hiyo kwa makusudi na kuendelea kutii. Tarehe 29 Aprili 1993 moja ya ndege hizo ilifanya kitendo ambacho hakuna ndege ya kawaida ingekiweza: iliinua pua, ikasimama karibu wima huku mwendo ukifa, ikageuka katika eneo dogo kabisa na kurudi ilikotoka. Kitendo hicho kinaitwa kwa jina la Wolfgang Herbst, mhandisi Mjerumani aliyekipigia debe kwa miaka mingi. Herbst hakukiona. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1991.

Tatizo la X-31 lilikuwa la kipekee. Ndege ilikuwepo, lakini mbinu za kuipigania hazikuwepo, kwa sababu hakuna rubani duniani aliyekuwa na uzoefu wa ndege ya namna hiyo. Kila saa ya majaribio iligharimu fedha nyingi na ilibeba hatari. Januari 1995 moja ya ndege hizo ilianguka, rubani akaokoka kwa parachuti. Robert Smith, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Alabama, na Bruce Dike wa kampuni ya McDonnell Douglas huko St. Louis waliamua kuiacha kompyuta itafute mbinu hizo kwanza.

Waliitumia simulesheni ya mapambano ya ndege kwa ndege, na upande wa X-31 ukawa na kanuni zilizoandikwa kwa herufi tatu tu: ndiyo, hapana, na alama ya «vyovyote iwavyo». Kanuni zilisoma kasi, umbali, kimo na pembe kati ya ndege mbili, kisha zikaamuru ndege ilale upande gani na pua iinuliwe kiasi gani. Alama zilitolewa pale X-31 ilipofanikiwa kumweka adui mbele ya pua yake na kukwepa kuwekwa mbele ya pua ya adui. Mashine haikuambiwa chochote kuhusu Herbst. Hata hivyo, miongoni mwa mbinu zilizochipuka zilikuwemo ndugu wa karibu wa kitendo kile: pua juu, mwendo kufa, kugeuka ghafla, kushuka juu ya adui. Marubani wa majaribio waliopitia michoro ya mapambano hayo waliona mbinu zenye maana, na baadhi yake hawakuwa wamezifikiria.

Kisha watafiti waliruhusu pande zote mbili zijifunze kwa pamoja, X-31 upande huu, F/A-18 upande ule. Hapo mambo yakawa magumu. Mbinu iliyokuwa ikishinda leo ilimfundisha adui jinsi ya kuivunja kesho, na ushindi ukawa kitu cha kupita. Kila upande ulikimbia kwa nguvu zote ili ubaki palepale. Wanabiolojia waliijua hali hiyo tangu zamani, kwa swala na duma. Kwa wanajeshi ilikuwa na maana ya moja kwa moja: mbinu iliyozalishwa dhidi ya adui asiyebadilika ni mbinu dhidi ya adui asiyekuwepo.

Ardhini mabadiliko yalikuja na mwanafizikia. Andrew Ilachinski, wa kituo cha uchambuzi kinachofanya kazi na Wanamaji wa Marekani, aliona kwamba milinganyo ya Lanchester inalichukulia jeshi kama maji katika ndoo mbili, wakati jeshi ni watu. Mwaka 1997 alitoa programu iitwayo ISAAC, na baadaye EINSTein. Ndani yake kila askari ni nukta, na kila nukta ina haiba. Haiba hiyo ni namba sita: anavutwa kiasi gani na wenzake wazima, wenzake majeruhi, maadui wazima, maadui majeruhi, bendera yake, na bendera ya adui. Namba zikiwa chanya anasogea. Zikiwa hasi anakimbia. Basi. Hakuna jenerali, hakuna ramani ya mashambulizi.

Kwa namba hizo sita, nukta zilianza kuzingira, kupasua katikati, kurudi nyuma kwa mpangilio na kushambulia ubavuni, mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Ilachinski aliunganisha programu na algoriti ya kijenetiki: mtafiti anataja lengo, mashine inatafuta haiba ya jeshi itakayolitimiza. Na papo hapo tatizo la Eurisko likarudi. Ukitoa alama kwa kuua adui tu, utapata jeshi la wendawazimu. Ukitoa alama kwa kuokoa askari wako tu, utapata jeshi linalokimbia. Kila mchanganyiko wa malengo ni uamuzi kuhusu thamani ya uhai wa nani na kwa ajili ya nini. Uamuzi huo huwekwa katika kisanduku kidogo kwenye kioo cha kompyuta kabla risasi ya kwanza ya kuigiza haijafyatuliwa.

Jeshi la Marine Corps la Marekani lilijenga juu ya kazi hiyo mpango ulioitwa Project Albert, likatumia kompyuta kubwa zilizoko Maui, Hawaii, kupiga vita vidogo vya kuigiza kwa maelfu. Nchi nyingine zikaingia. New Zealand ilitengeneza programu yake, MANA, nyepesi na rahisi kutumia. Singapore, taifa linaloishi kwa bandari, ilichukua MANA na kuifunga kwenye algoriti za mageuko, ikazalisha mashambulizi dhidi ya ulinzi wake yenyewe: boti ndogo za adui zipite wapi na zijigawe vipi ili zizipenye doria na kuzifikia meli zilizotia nanga? Mwaka 2007 wataalamu wake walitangaza utaratibu huo. Lengo lilikuwa kuuona udhaifu kabla ya mwingine kuuona, na kwa mji wa bandari hayo ni matumizi ya busara kuliko yote yaliyotajwa katika simulizi hii.

Katika Marine Corps, miongoni mwa waliopenda fikra hizi mpya alikuwa Jenerali Paul Van Riper. Mwaka 2002, akiwa amestaafu, aliitwa kuongoza upande wa adui katika zoezi kubwa la Marekani, Millennium Challenge, lililogharimu dola milioni 250. Hakutumia algoriti yoyote. Alituma ujumbe kwa waendesha pikipiki ili redio zake zisisikilizwe, akatuma boti ndogo na makombora kwa wingi kwa wakati mmoja, na katika simulesheni akazamisha manowari 16. Waandaaji wakazirudisha meli zile majini, wakaendelea na zoezi kwa masharti mapya yaliyombana. Van Riper akajiondoa katika uongozi wa upande wake. Mtu huyu alikuwa amefanya lile ambalo Eurisko ilifanya San Mateo: alitafuta ufa katika kanuni na kupita hapo. Jibu alilopewa lilikuwa lilelile pia. Tofauti ni kwamba safari hii ufa haukuwa kwenye mchezo. Ulikuwa kwenye jeshi lenyewe, na kuuziba kwa kanuni hakukuuondoa.

Mwaka 2016 Nicholas Ernest, aliyepata udaktari katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, alitangaza rubani wa kompyuta aitwaye ALPHA, aliyezalishwa kwa algoriti za kijenetiki na mantiki ya kukadiria, kwa ushirikiano na maabara ya Jeshi la Anga la Marekani. Kanali mstaafu Gene Lee, mkufunzi wa mapambano ya angani, alipambana nayo katika simulesheni. Alijaribu mara nyingi, akashindwa kila mara, hata pale ndege za ALPHA zilipopunguziwa kasi na silaha. Lililowashangaza wengi ni udogo wa kompyuta: mfumo huo ulifunzwa kwa mashine ya kawaida yenye thamani ya kama dola 500.

Tangu hapo uwanja umetawaliwa na ndugu wa mbinu hizi, mitandao ya neva inayojifunza kwa kupewa thawabu na adhabu. Agosti 2020, katika shindano la DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, mfumo wa kampuni ya Heron Systems ulimshinda rubani wa F-16 mapambano 5 kwa 0. Silaha yake kubwa ilikuwa kulenga uso kwa uso kwa bunduki, ndege mbili zikikaribiana kwa kasi, kitendo ambacho marubani hukatazwa katika mafunzo kwa sababu kosa la sehemu ndogo ya sekunde huua wote wawili. Katika simulesheni hakuna anayekufa, na mfumo ulipewa taarifa kamili ya mahali adui alipo kila wakati. Mageuko au thawabu, kisima ni kilekile: kisichoandikwa hakihesabiwi.

Majaribio ya angani yalifuata, kwa ndege ya F-16 iliyobadilishwa na kuitwa X-62A. Septemba 2023, juu ya jangwa lilelile la California, kompyuta iliirusha katika mapambano na F-16 iliyorushwa na binadamu, zikikaribiana hadi futi 2,000. Ndani ya X-62A walikuwemo marubani wenye uwezo wa kuizima mashine wakati wowote. Hawakulazimika kuizima. Lakini kati ya Desemba 2022 na Septemba 2023 ndege hiyo iliruka safari 21 za majaribio, na katika safari hizo mistari zaidi ya 100,000 ya programu yake ya urukaji ilibadilishwa.